Hafkeki hazipasuki juu na zinakunywa mafuta: nirekebishe wapi?

Kibao_cha_Mbeya

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa hafkeki, zile zenye ufa juu, nje kavu na ndani chengachenga. Zangu zinatoka nyororo na za mviringo kama andazi, uso mzima hauna hata mstari.

Vipimo: unga wa ngano vikombe 4, sukari nusu kikombe, siagi vijiko 2 vya chakula iliyoyeyushwa, beking poda vijiko 4 vya chai, yai 1, maji ya vuguvugu kikombe kimoja na robo. Nakanda dakika 15 mpaka unga uwe laini kabisa, nafunika saa nzima, nasukuma unene wa kidole, nakata, natumbukiza mafuta yakishachemka vizuri. Nje zinakuwa kahawia mara moja, ndani mbichi. Nikipunguza moto zinaiva, ila zinakunywa mafuta mpaka karatasi inalowa chapachapa.

Niongeze beking poda? Natumia jiko la gesi na karai la kawaida. Sina mizani wala kipimajoto.

FundiKarai

Usiongeze. Hiyo uliyonayo ni mara mbili ya inayotakiwa. Ulichokanda hapo ni unga wa andazi, tofauti ni kwamba badala ya hamira umetia beking poda, kwa hiyo karai limekurudishia andazi.

Ufa unatokea hivi: nje panakauka na kushika ganda wakati ndani bado panatanuka. Hewa ya beking poda na mvuke vinatafuta pa kutokea, ganda haliwezi kunyumbuka, linaachia. Sasa wewe umetia maji mengi na umekanda robo saa. Ngano ikikandwa hivyo inatengeneza utando unaovutika, unaokwenda na hewa kila inapokwenda. Andazi na hamri vinautaka utando huo ili vitune. Hafkeki haiutaki hata kidogo.

Vipimo ninavyoviamini, kwa gramu na kwa kikombe cha mililita 250:

Unga wa ngano wa kawaida gramu 500 (vikombe 4)
Sukari gramu 140 (theluthi mbili za kikombe)
Siagi au majarini ngumu gramu 60 (vijiko 4 vya chakula)
Beking poda vijiko 2 vya chai, vipanguswe juu kwa kisu
Chumvi nusu kijiko cha chai
Iliki iliyotwangwa kijiko 1 cha chai
Yai 1
Maziwa mililita 170 (theluthi mbili za kikombe)

Kwa kuwa huna mizani, angalia unavyopima unga. Uteke kwa kijiko, ujaze kikombe bila kushindilia, kisha pangusa. Ukizamisha kikombe ndani ya mfuko na kukandamiza, vikombe 4 vinafika gramu 600 na hesabu nzima inavurugika.

Koroga sukari kwenye maziwa na yai mpaka chembe ziishe. Chembe zikibaki zinaungua kwenye mafuta, unapata madoa meusi usoni na mafuta yanaharibika mapema. Pembeni changanya unga, beking poda, chumvi na iliki, kisha siagi isugue humo kwa ncha za vidole mpaka unga uwe chengachenga. Isiwe imeyeyuka. Hapa ndipo wengi wanapopitia njia ya mkato, na ndipo hafkeki inapopata ule uchenga wake: siagi inafunika chembe za unga, maji hayazipati zote, utando unashindwa kujijenga.

Mimina robo tatu ya maziwa, kusanya kwa mkono, halafu malizia kidogo kidogo. Ukiona unga umeshikana lakini bado una mikwaruzo na unakutamanisha uongeze maziwa, acha. Funika dakika 15 hadi 20. Unga unazidi kufyonza, sukari inalegeza, na donge linalainika lenyewe. Ukiongeza maziwa kabla ya hapo, baadaye utalazimika kuongeza unga, na hapo vipimo vimekwisha.

Kukanda ni kukusanya na kukunja mara 8 au 10 tu. Saa nzima ya kufunika haina faida. Zipo beking poda zinazomaliza nguvu yote zikigusana na maji. Hizo ukiziacha saa nzima, hewa imekwisha kutoka kabla karai halijapata moto.

Sukuma mstatili wa sentimita 18 kwa 22 na nusu, unene sentimita 2. Kata mistari ukipata vipande 4 kwa 5, jumla 20, kila kimoja gramu 45 hivi. Unene ni muhimu kuliko umbo. Chini ya sentimita moja na nusu joto linafika katikati upesi mno, ndani na nje vinaiva karibu pamoja, hakuna kinachobaki cha kulisukuma ganda. Kisu kiwe kikali na kishuke wima. Kisu butu kinabana kingo. Halafu chora kila kipande juu, mstari mmoja wenye kina cha nusu sentimita, ili ufa ujue pa kupita.

Bi_Hiliki

Mwanangu, FundiKarai kakumalizia ya kibao, mie niseme ya karai.

Kwanza hilo la mafuta "yakishachemka". Mafuta ya kula hayachemki. Mapovu unayoyaona mwanzoni ni maji yaliyomo ndani yake, na yakishatulia yakaanza kufuka moshi, ujue mengi ya yale yaliyosafishwa kiwandani yamepita nyuzi 200 za Selsiasi. Andazi la hamira linapikwa kwenye 175 hadi 185. Hafkeki itie mafuta yakiwa 160, na yakishashuka kwa ubaridi wa unga uyashikilie kwenye 150 hadi 155. Kwa hiyo wewe ulikuwa unapika kwa moto wa kuchomea, halafu ukahamia moto uliozimika.

Bila kipimajoto, chukua donge dogo la unga ule ule, ukubwa wa punje ya harage. Litumbukize. Likizama likakaa chini, ukahesabu polepole mpaka 5 au 6 likaanza kupanda na mapovu madogo ya taratibu, tia hafkeki. Likiwa halikugusa chini, au limekuwa kahawia kabla hujafika 30, ondoa karai motoni dakika mbili tatu. Likibaki chini ukapita 15, bado.

Mafuta yasipungue lita moja na nusu, na kina kisipungue sentimita 6. Kwa kiasi hicho tia vipande 6, si zaidi. Ukijaza karai, mafuta yanaanguka mpaka 120 na hayapandi tena kwa haraka kwenye jiko la gesi la nyumbani. Hapo ndipo "moto mdogo" unapogeuka kuwa kulowekwa.

Vitazama, kisha vitapanda ndani ya nusu dakika. Usiviguse dakika ya kwanza. Uso ulio juu, nje ya mafuta, bado ni laini na ndio utakaofunguka; ukiwahi kugeuza unashikisha ganda pande zote mbili na ufa haupati mahali. Subiri upande wa chini uwe rangi ya majani makavu, kama dakika 2, uone mstari uliochora unaachama, ndipo ugeuze. Baada ya hapo geuza mara kwa mara. Jumla ni dakika 7 hadi 9. Haraka kuliko hiyo si ya hafkeki.

Na kulowa mafuta kuna sababu mbili kwako. Unga ulikuwa na maji mengi: maji yanatoka kama mvuke, yanaacha vinjia, na vinjia hivyo havibaki vitupu. Sababu ya pili wengi hawaijui. Mafuta mengi hayaingii wakati wa kupika, yanaingia kitu kikishatolewa. Mle karaini mvuke unatoka kwa nguvu na kuyazuia. Ukishatoa, mvuke ulioko ndani unapoa, unasinyaa, na unavuta mafuta yaliyoshika usoni. Basi sekunde 30 za mwisho ongeza moto, mapovu yachangamke, toa kwa kijiko cha matundu, kung'uta juu ya karai hapo hapo, weka kwenye wavu au chekeche la bati. Ukizilaza kwenye karatasi zikiwa zimebebana, zile za chini zinakaa kwenye mvuke na mafuta yao wenyewe. Gazeti usitumie kabisa, wino unahama.

Nyanda_za_Juu

Majibu mazuri, lakini hakuna aliyesoma jina la muulizaji. Kama kweli uko Mbeya, uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Vipimo vya Bi Hiliki ni vya Pwani.

Huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndani ya hafkeki joto haliwezi kupita hapo mpaka maji yaishe, kwa hiyo katikati panaiva polepole zaidi wakati nje panaendelea kupata rangi kama kawaida. Matokeo yake ndiyo hayo aliyoandika: kahawia nje, mbichi ndani. Kanuni inayotumika kwa vyakula vya kukaanga ni kushusha joto la mafuta karibu nyuzi 1.7 kwa kila mita 300. Kwa Mbeya na kwa Nairobi, hesabu inakuja karibu nyuzi 10. Kwa hiyo tia kwenye 150 na ushikilie 140 hadi 145, ukiongeza dakika moja ya kupika. Kile kidonge cha unga kihesabie mpaka 8 badala ya 5.

Beking poda nayo ipungue. Hewa ya nje ni nyepesi, gesi ile ile inatanuka zaidi. Badala ya vijiko 2 tia kimoja na nusu. Ukizidisha, hafkeki inafumuka haraka, inajaa matundu makubwa, halafu inanywea ikipoa. Nayo matundu makubwa yanabeba mafuta.

Kwa maziwa fanya kinyume: hewa ya nyanda za juu ni kavu, hasa miezi ya Juni hadi Agosti, na unga uliokaa dukani unakuwa mkavu vilevile. Uwe tayari kuongeza kijiko kimoja cha chakula juu ya zile mililita 170. Kimoja, si vitatu.

Kibao_cha_Mbeya

Niko Mbeya mjini, ndiyo. Ahsanteni sana, sikujua kama mwinuko unaingia mpaka karaini.

Maswali yaliyobaki. Nyumbani nina mtindi zaidi ya maziwa freshi, unafaa? Dukani kuna ule unga uliokwisha kutiwa beking poda kiwandani, nao vipi? Na zile donati za kizamani za Kimarekani, za mviringo zenye ufa kama ua, ni unga huu huu ukitobolewa tundu?

FundiKarai

Mtindi unafaa, na kwa ladha mimi nauona bora kuliko maziwa. Ila ni mzito, hivyo mililita 170 za mtindi hazina maji sawa na za maziwa. Weka 190 ukianza na 170. Uchachu wake unahitaji beking soda, robo kijiko cha chai, iliyopanguswa. Soda ina nguvu mara tatu hadi nne ya beking poda, kwa hiyo beking poda yako ishuke: kwa Mbeya nusu kijiko cha chai kinatosha pamoja na soda hiyo. Usizidishe soda kwa kufikiri itapasua zaidi. Soda isiyopata uchachu wa kutosha inaleta ladha ya sabuni, rangi ya hudhurungi iliyokolea kabla ya wakati, na uso unaomomonyoka ndani ya mafuta.

Unga uliotiwa beking poda kiwandani una kiasi kikubwa kwa kazi hii. Changanya theluthi moja ya huo na theluthi mbili za unga wa kawaida, usitie beking poda nyingine, na punguza chumvi kwa sababu nayo mara nyingi imo.

Donati ya kizamani ni ndugu wa damu wa hafkeki. Kanuni ni ile ile: beking poda badala ya hamira, kukanda kidogo, mafuta ya joto la chini kuliko ya donati za hamira, ganda linalopasuka. Unga wake lakini ni tofauti, mlaini na wenye maziwa ya uchachu mengi zaidi:

Unga gramu 250, kati yake gramu 30 uzibadilishe kwa kornifulawa (wanga mweupe wa mahindi) ili kupunguza nguvu ya ngano
Beking poda kijiko kimoja na nusu cha chai (Mbeya kimoja)
Chumvi nusu kijiko cha chai
Kungumanga iliyokwanguliwa nusu kijiko cha chai
Sukari gramu 100
Siagi gramu 30
Viini vya mayai 2
Mtindi uliochujwa kwenye kitambaa gramu 150

Hapa siagi hupondwa na sukari kwanza, vinafuata viini, halafu unga na mtindi kwa kupokezana mara tatu. Donge linanata. Usilipiganie kwa unga. Lifunike, liweke kwenye friji saa moja, litashikana. Sukuma sentimita 1.2, kata duara la sentimita 7 au 8 na tundu la karibu 3. Lisipokuwepo friji, bora upike hafkeki, kwa sababu donge la vuguvugu halitakatika.

Zinakaangwa kwenye 165 kwa usawa wa bahari, kwako 155. Zikielea subiri sekunde 15, geuza; sasa ule upande uliokuja juu ndio unaofunguka. Acha dakika moja na nusu, geuza tena, dakika nyingine moja na robo. Zinaiva mapema kwa sababu ya tundu: joto linaingia kutoka ndani na nje. Simulizi za Marekani zinampa sifa ya tundu hilo baharia mmoja wa jimbo la Maine, Hanson Gregory, mwaka 1847. Awe yeye au asiwe yeye, aliyetoboa alimaliza tatizo la katikati mbichi, tatizo ambalo sisi tunalimaliza kwa dakika 8 za uvumilivu.

Kuzipaka: sukari ya unga gramu 200 kwa vijiko 3 vya chakula vya maji ya moto. Chovya upande wenye ufa donati ikiwa na uvuguvugu. Ya moto sana inayeyusha sukari ikachuruzika, ya baridi inabaki na tabaka zito jeupe.

MchuuziWaAsubuhi

Niongeze upande wa biashara, maana anayeuliza hafkeki leo kesho anauliza za kuuza.

Kwanza nampinga FundiKarai kwenye yai. Kwa nyumbani sawa. Kwa kuuza hafkeki nyingi hazina yai na zinapasuka vizuri tu. Toa yai, ongeza maziwa au maji vijiko 3 vya chakula na siagi kijiko kimoja. Rangi itapungua kidogo, na zitakauka mapema kwa nusu siku. Anayenunua asubuhi akanywa na chai saa mbili hatajua.

Pili, usizidishe kila kitu mara kumi ukakanda kilo 5 kwa mpigo. Donge la mwisho litakaa saa mbili likisubiri karai, na mpaka zamu yake beking poda imechoka. Ndiyo sababu wateja wanasema za juu ya ndoo ni nzuri na za chini ni mawe. Sugua siagi kwenye unga wote, hiyo inakaa hata usiku mzima mahali penye baridi. Kimiminika tia kwa kilo moja moja, kiasi cha kumalizika karaini ndani ya dakika 40.

Sukari isipite gramu 160 kwa nusu kilo. Kuna wanaofika 200 kwa kufukuza utamu, kisha wanalaumu mafuta. Sukari nyingi inaleta rangi mapema, unafikiri zimeiva, na inalegeza unga mpaka unakunywa mafuta. Siagi ikipita gramu 90 zinaanza kumeguka ndani ya karai.

Mafuta. Yale ya kuganda au ya mawese yaliyosafishwa yanafaa kwa hafkeki kuliko ya maji, kwa sababu yanapopoa yanarudi kuganda na mkono wa mteja haupati unyevu. Ladha ni suala la mtu. Alizeti nayo inafaa ikiwa imesafishwa. Ile iliyokamuliwa tu, inayouzwa kwenye chupa kando ya barabara kule Singida, bado ina maji na chembechembe: inafura povu, inafuka mapema. Itumie kwenye mboga.

Usimwage mafuta baada ya mara ya kwanza. Mapya kabisa yanatoa hafkeki nyeupe. Yaliyokwisha kupika mkupuo mmoja au miwili yanatoa rangi nzuri. Yakipoa chuja kwa kitambaa, hasa ule unga uliozama chini, kwani ndio unaoungua na kuyatia uchungu. Yabadilishe yakianza kuwa mazito kama shira, au povu likifunika uso wote na lisishuke ukishatoa vipande. Mafuta yaliyochoka yanashika zaidi kwenye chakula, kwa hiyo anayebana matumizi hapo anatumia mengi kuliko anavyookoa.

Kuhifadhi: zipoe kabisa, saa moja na nusu kwenye wavu, ndipo zifungwe. Ukifunga zikiwa na joto, asubuhi ganda limelainika na siku ya tatu ukungu umeingia. Zikipoa vizuri kwenye ndoo yenye mfuniko zinakaa siku 4 hadi 5.

Bi_Hiliki

Ya yai namuunga mkono Mchuuzi. Ya ndoo yenye mfuniko, Pwani si siku 5. Kwa unyevu wa hewa wa huku, siku 3 ziwe mwisho, na siku ya pili zinataka kupashwa kwenye kikaango kikavu.

Kibao_cha_Mbeya

Nimefuata ya FundiKarai na Nyanda_za_Juu pamoja, beking poda kijiko kimoja na nusu, mafuta ya kuhesabu 8. Zimepasuka, na karatasi haikulowa. Lakini baadhi zimepasuka ubavuni badala ya juu, zimefunguka kama kurasa, na mbili ndani zina mstari mweupe wa unga mkavu.

FundiKarai

Mstari mweupe umejibu. Ulinyunyiza unga kibaoni wakati wa zile kunja 8, ukafungia unga mkavu kati ya matabaka. Matabaka hayakushikana, hewa ikapita humo humo ubavuni kabla haijafika juu. Kunjia kwenye kibao kitupu, au paka kibao mafuta nusu kijiko cha chai. Unga unyunyize mara moja tu, wakati wa kusukuma, na uupanguse kwa brashi au kitambaa kikavu kabla ya kukata. Ule unaobaki unaanguka karaini na kuwa chembe nyeusi chini ya mafuta.

Angalia na mchoro wa juu. Nusu sentimita, kwa ncha ya kisu, kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiishia katikati ya kipande, pembe zinabaki zimefungwa na ubavu unakuwa dhaifu kuliko juu.

Nyanda_za_Juu

Na donge likae kimo kimoja. Ukisukuma kwa nguvu katikati, kingo zinabaki nene na za mteremko, vipande vya pembeni vinaelea kwa kuinama na kufungukia upande. Weka vijiti viwili vya sentimita 2 kushoto na kulia kwa donge, mti wa chapati upite juu yake. Ukimaliza kata ukanda mwembamba kuzunguka, kama nusu sentimita, uuchanganye na donge linalofuata. Usiukande upya peke yake, utakuwa mgumu.